Fahamu: Meli ndogo, ndege na somo la Rufiji

Manowari huchaguliwa kwa maji zitakamopigana. Historia yetu inalo somo.

Septemba 20, 1914, manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha Pegasus ya Uingereza bandarini Zanzibar, kisha ikajificha kwenye delta ya Rufiji. Meli kubwa za Waingereza hazikuweza kuifuata kwenye kina kifupi.

Suluhisho lilikuwa Severn na Mersey, meli za mizinga zilizoundwa kwa ajili ya Brazil na kununuliwa na Uingereza 1914. Zilihitaji chini ya mita 2 za maji. Askari wa Uingereza walikuwa wameshateremshwa kisiwa cha Mafia na kukiteka Januari 1915. Ndege ziliruka kutoka huko kuelekeza mizinga. Ndege za awali zilishindwa na joto letu: hazikuchaguliwa kwa nchi hii. Julai 11, 1915, Königsberg iliangamizwa.

Hata sisi wa Rungwe somo hili linatuhusu, kwani vita hivyo vilifika pia ziwani. Mei 30, 1915, Waingereza waliteremsha askari Liuli, Ziwa Nyasa, wakailipua meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann. Kwa somo hilo la Rufiji, serikali inaponunua chombo cha majini, tuulize kwanza kina cha maji, kisha bei.