Karatasi Yasema 89 kwa 100: Chuma Hupimwaje?



Wenzetu wa karakana moja ya Gitega walituletea karatasi yenye namba moja tu: 89 kwa 100. Maana yake, katika kila gramu 100 walizoyeyusha, gramu 89 ndizo chuma chenyewe, zilizobaki ni takataka. Kwa namba hiyo walikatwa primu ya mwezi. Walituuliza namba imetoka wapi, nasi hatukuwa na jibu. Ikatubidi tukae na fundi wa maabara atueleze polepole. Tunawaeleza ninyi kama tulivyoelewa.

Dawa inayotumika wengi mnaijua. Ni pamanganeti, zile punje za zambarau ambazo zahanati huzitia majini kuoshea vidonda. Mfaransa Margueritte alionyesha mwaka 1846 kwamba dawa hiyo yaweza kupima chuma, na njia yake ingali ikitumika.

Kipande cha chuma huwekwa kwenye mizani, tuseme ni gramu 0.200, kisha huyeyushwa ndani ya asidi ya salfa iliyochanganywa na maji. Unga mweusi unaobaki chini ni kaboni, huo si chuma. Halafu pamanganeti hutiwa tone kwa tone kutoka katika bureti, yaani mrija wa kioo wenye alama na bomba dogo chini. Kila tone likiingia, rangi yake hupotea. Kwa nini? Chuma kilichoyeyuka hutoa chembe ndogo mno za umeme, ziitwazo elektroni, na pamanganeti huzipokea. Chembe moja ya chuma hutoa elektroni moja, pamanganeti moja hupokea tano. Basi pamanganeti moja humaliza chembe tano za chuma. Chuma kikiisha hakuna wa kutoa tena, na tone linalofuata hubaki na rangi yake: maji yote huwa ya waridi hafifu. Waridi hiyo ikikaa nusu dakika, fundi hufunga bomba na kusoma alama.

Hesabu yake si ya wasomi. Pamanganeti ya nguvu ya moli 0.02 katika lita, kila mililita yake hukamata miligramu 5.58 za chuma. Zikitumika mililita 34, zidisha: karibu miligramu 190. Kipande kilikuwa miligramu 200. Basi ni 95 kwa 100.

Tuliomba daftari la maabara. Siku ile zilitumika mililita 32, na hesabu ikatoa 89 kweli. Fundi hakukosea, na tunasema hivyo wazi kwa sababu wapo waliokwisha kumwita mwizi. Kosa lilikuwa uani. Aliyetumwa kuchukua sampuli alikwangua juu ya rundo lililonyeshewa mvua majuma kadhaa, akapeleka chuma kilichojaa kutu. Kutu ni chuma kilichokwisha kutoa elektroni zake kwa hewa, tena kimeongezewa uzito wa hewa hiyo. Pamanganeti haipati kitu kwake, kwa hiyo chuma hicho huhesabiwa kama takataka. Ndiyo sababu mawe yenye chuma hurudishiwa kwanza elektroni kwa zinki kabla ya kupimwa.

Rundo likatobolewa kwa keekee hadi katikati, mbele ya kapita na mjumbe wetu. Kipimo cha kwanza, mililita 34. Cha pili, mililita 34 tena. Primu ikarudishwa.

Lakini kosa laweza kuja upande mwingine pia. Pamanganeti iliyokaa juani hupungua nguvu, hivyo hutumika nyingi zaidi na namba hupanda. Tungekuwa waongo kama tungedai haki namba inaposhuka na kunyamaza inapopanda. Dawa yapasa kujaribiwa kwanza kwa oksalati ya sodiamu, na tarehe ya kujaribiwa iandikwe kwenye chupa.

Wenzetu wa Muyinga waliuliza juu ya dhahabu. Hiyo haiyeyuki katika asidi ya salfa. Kipimo chake cha kuaminika ni cha moto: huyeyushwa pamoja na risasi na fedha, risasi hunywewa na kikombe cha majivu ya mifupa, fedha huondolewa kwa asidi ya nitriki, na kinachobaki huwekwa mizanini. Anayeisugua kwenye jiwe jeusi na kuitazama tu anakisia. Bati nalo hupimwa kwa iodini, na alama ya mwisho ni wanga kugeuka buluu, kama muhogo unavyogeuka ukidondoshewa iodini ya kidonda.

Mkiletewa karatasi yenye namba moja, ombeni nyingine zote: uzito wa kipande, mililita zilizotumika, nguvu ya dawa, na vipimo vilirudiwa mara ngapi. Sampuli igawanywe mafungu matatu baada ya kuchanganywa vizuri. Moja la mwajiri, moja la wafanyakazi, na la tatu lifungwe kwa lakiri na kutiwa sahihi za pande zote mbili, lisifunguliwe mpaka pawe na ubishi. Huko Gitega fungu la tatu sasa limo kabatini, na ufunguo mmoja anao mjumbe wetu.