Ujazo wa Moli ya Gesi: Mfano wa Mtungi wa Kilo 6 Kariakoo

Kila mwanafunzi wa kemia wa sekondari nchini Tanzania huikariri namba 22.4. Hizo ni lita zinazochukuliwa na moli moja ya gesi, iwe haidrojeni au oksijeni. Kwani, kama alivyopendekeza Amedeo Avogadro mwaka 1811, gesi zenye ujazo sawa huwa na idadi sawa ya molekuli, mradi halijoto na kanieneo ni zilezile. Sharti hilo ndilo husahaulika. Lita 22.4 ni za nyuzijoto 0 za Sentigredi na kanieneo ya angahewa moja. Dar es Salaam, iliyo usawa wa bahari, hulikaribia sharti la kanieneo. La halijoto haiwezi kulitimiza. Kwa nyuzijoto 30, yaani Kelvini 303 badala ya 273, moli huchukua lita 24.9 hivi.

Umuhimu wa hesabu hii huonekana kwenye mtungi wa kilo 6 wanaoutumia mama lishe wa Kariakoo. Gesi ya kupikia ni mchanganyiko wa propani na butani. Kwa wepesi, ichukuliwe kuwa butani tupu, ambayo moli yake ina gramu 58. Mtungi huo una moli 103. Ndani yake ni kimiminika cha lita kumi na kidogo. Kikivuja chote huwa gesi ya lita 2,570 hivi. (Kutumia 22.4 hapa ni kichekesho: kwenye nyuzijoto 0 butani iko ukingoni mwa kuwa kimiminika.)

Chumba cha mita 3 kwa 3 kwa 3 kina lita 27,000 za hewa. Butani huweza kulipuka ikifikia takribani asilimia 1.8 ya hewa, yaani lita 486, sawa na moli 19.5. Hiyo ni kilo moja na ushei tu.

Na haihitaji hata kufika huko. Kwa kuwa moli za gesi hulingana ujazo, uzito wa moli hueleza ipi itazama: ya hewa ina gramu 29, ya butani maradufu. Gesi inayovuja hutambaa sakafuni, uliko moto wa jiko, na hapo hukolea kabla chumba hakijajaa. Dirisha la juu haliitoi vizuri. Mlango unaofika chini huitoa. Stoo za chini ya ardhi katika maghorofa ya Kariakoo hazina mlango wa namna hiyo, na gesi ikiteremkia humo hutuama.