Mtambo wa Bayogesi wa Zamani: Kasoro za Kawaida na Namna ya Kuzitambua

Miezi ya Juni na Julai, ukungu unapotanda juu ya nyanda za Mbulu na upepo wa baridi kuvuma kutoka Mlima Hanang, kaya zenye mitambo ya bayogesi huona mabadiliko jikoni. Moto uliokuwa ukiivisha maharage huwa hafifu, chai ya asubuhi huchelewa, na mpishi hurudi kwenye mafiga. Wiki zikipita, husemwa kwamba mtambo umekufa. Chemba yake hugeuka shimo la takataka, na samadi hurundikwa tena nyuma ya zizi.

Mara nyingi mtambo huo haujafa. Kuba ya tofali na saruji iliyojengwa vizuri hudumu miaka 20 au zaidi. Vinavyochakaa mapema ni koki, mipira na vichomeo, na kinachopungua ni samadi. Mwenye mtambo anayekagua kwa mpangilio huweza kutambua tatizo kabla ya kumlipa fundi, na huweza pia kutambua kasoro ambayo hapaswi kuigusa mwenyewe.

Samadi inatosha?

Ukaguzi huanzia zizini. Kilo moja ya samadi mbichi hutoa takribani lita 40 za gesi, na kichomeo kimoja hutumia lita 300 hadi 400 kwa saa. Ng'ombe wawili wanaofugwa ndani, kila mmoja akitoa kilo 10 kwa siku, huleta gesi ya kupikia kwa muda wa saa mbili hivi. Ng'ombe wanaoshinda malishoni huacha zizini samadi ya usiku pekee, na gesi hupungua kwa kiasi hicho hicho. Kaya iliyouza ng'ombe mmoja, au iliyoacha kufugia ndani, isitafute ubovu katika mabomba kabla ya kufanya hesabu hii.

Samadi huchanganywa na maji kwa kipimo sawa, ndoo kwa ndoo, hadi mabonge yayeyuke. Ikiwa nzito mno, hukwama kwenye bomba la kuingizia. Ikiwa nyepesi mno, hupita bila kuchachuka vya kutosha. Majani, mabua na udongo viondolewe, kwa kuwa majani hufanya utando mgumu juu ya tope, na mchanga hutuama chini ukila nafasi ya mtambo mwaka hadi mwaka. Samadi ya ng'ombe aliyetibiwa kwa dawa za kuua bakteria, maji ya sabuni na mabaki ya dawa ya kuogeshea mifugo visiingizwe kabisa, kwa sababu vimelea vinavyotengeneza gesi hufa.

Baridi nayo ni sababu halisi. Vimelea hivyo hufanya kazi vizuri katika joto, na joto la tope likishuka chini ya nyuzi 15 hulegea sana. Kuongeza samadi maradufu hakusaidii, bali huweza kulichachua tope kupita kiasi na kuleta gesi isiyowaka. Inafaa zaidi kurudishia udongo uliomomonyoka juu ya kuba, kuufunika kwa nyasi kavu, na kulisha mtambo mchana kwa maji yaliyoanikwa juani. Gesi ikikataa kuwaka ilhali presha ipo, ulishaji usimamishwe kwa siku kadhaa ili tope litulie.

Gesi inapotea wapi?

Ikiwa samadi inatosha na gesi bado haionekani, hatua inayofuata ni kutenganisha kuba na mabomba. Koki za jiko zifungwe, koki kuu iliyo juu ya kuba ifunguliwe, na geji ya presha iachwe hadi itulie. Kisha koki kuu ifungwe, na geji isomwe tena baada ya saa moja bila mtu kupika. Ikiwa imeshuka waziwazi, gesi inavuja kati ya koki kuu na jiko. Kila kiungo, koki na mpira vipakwe povu la sabuni. Panapofanya mapovu ndipo panapovuja. Mpira uliopasuka au kukakamaa hubadilishwa, haufungwi kwa kitambaa wala gundi. Kiberiti kisitumike kamwe kutafuta mvujo.

Ikiwa geji haikushuka, jicho lihamie kwenye chemba ya kutokea. Gesi inapojikusanya ndani ya kuba, hulisukuma tope na kulipandisha katika chemba hiyo. Inapotumika, tope hushuka. Basi asubuhi kabla ya kupika, tope linapaswa kuwa juu kuliko lilivyokuwa jana yake baada ya chakula cha jioni. Lisipopanda siku nyingi mfululizo, ilhali mtambo unalishwa inavyotakiwa na mabomba ni mazima, shaka iangukie kwenye kuba. Katika mitambo yenye mfuniko wa shingoni uliozibwa kwa udongo wa mfinyanzi, maji yaliyo juu yake yatazamwe kwanza. Yakitoa mapovu, mfuniko unavuja. Yakikauka, udongo hupasuka, hivyo yaongezwe mara kwa mara. Ufa wa kuba yenyewe ni kazi ya fundi.

Moto unasema nini?

Presha ikiwepo na jiko likasumbua, moto wenyewe huonyesha kasoro. Moto unaocheza, ukipanda na kushuka huku geji nayo ikiyumba, ni dalili ya maji ndani ya bomba. Gesi hutoka kwenye kuba ikiwa na mvuke, na mvuke hugeuka maji bomba linapopoa. Koki ya kutolea maji, iliyo sehemu ya chini kabisa ya bomba, ifunguliwe walau mara moja kila wiki mbili, na mara nyingi zaidi msimu wa baridi. Wakati huo moto wote jikoni uwe umezimwa. Hali ikijirudia upesi, huenda bomba limelegea na kufanya bonde linalotuamisha maji. Liinuliwe literemkie kwenye koki hiyo.

Moto mzuri ni wa buluu. Moto wa njano unaoacha masizi kwenye sufuria unaonyesha kuwa hewa haichanganyiki na gesi vya kutosha. Matundu ya kichomeo yasafishwe kwa waya mwembamba na brashi, na tundu la hewa lifunguliwe zaidi. Moto unaoruka juu ya kichomeo na kuzimika una hewa au presha ya kupita kiasi. Tundu la hewa lipunguzwe au koki ibanwe kidogo. Kasoro hii si ya masizi tu. Moto usioungua vizuri hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo ni hatari zaidi katika jiko lililofungwa milango na madirisha kwa ajili ya baridi.

Mambo yasiyofanywa na mwenye mtambo

Harufu ya yai viza ndani ya nyumba ni onyo kwamba gesi inavuja. Moto wowote uzimwe, swichi ya umeme isiguswe, milango na madirisha yafunguliwe, na koki kuu ifungwe.

Kubwa kuliko yote, mtu asiingie ndani ya mtambo kutoa mchanga au kuziba ufa, hata kama umekaa miaka bila kulishwa. Ndani hakuna hewa ya kutosha kuvuta, na gesi yenye harufu ya yai viza huua upesi, tena ikizidi pua haiisikii tena. Aliyeingia akianguka, anayemfuata bila vifaa huanguka naye. Kazi hiyo ni ya mafundi waliofunzwa, nao huipitisha hewa safi kwanza. Ushauri wa kiufundi hupatikana CAMARTEC, Arusha, kituo kilichoratibu mpango wa kitaifa wa bayogesi ya majumbani ulioanza mwaka 2009. Kuhusu ulishaji na samadi, afisa mifugo wa kata ndiye wa kuanza naye.

Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unalenga kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Kwa kaya ambayo tayari ina kuba ardhini, safari hiyo huweza kuanza kwa mpira mpya na ndoo mbili za samadi kila siku. Faida yake haiishii jikoni. Tope linalotoka ni mbolea kwa mahindi, maharage na vitunguu saumu, na kila mlo unaopikwa kwa gesi hupunguza mzigo wa kuni unaobebwa mgongoni.