Upanga Wafanyani Nyotani?

Vijana wetu wa pwani hupenda sana picha za sinema za safari za angani. Wakishazitazama huja barazani na swali ambalo nimelisikia mara nyingi: watu walioweza kuvuka kutoka nyota hii hadi nyota ile, wenye mizinga ya kuangamiza dunia nzima kwa pigo moja, wanataka upanga wa nini? Je, watunzi wameishiwa na fikira? Swali hili ni zuri, na jibu lake, kwa maoni yangu, halihusu sinema peke yake.

Kwanza yafaa tujue kwamba jambo hili si geni. Mwaka 1912 Mmarekani Edgar Rice Burroughs alianza kuchapisha hadithi za sayari ya Mirihi. Watu wake wana merikebu zinazoelea hewani na bunduki za masafa marefu, lakini kila shujaa ana upanga kiunoni. Burroughs alijua kuwa msomaji atauliza, basi akawatungia watu wake mila: mtu akishambuliwa katika ugomvi wa wawili, haruhusiwi kujitetea kwa silaha iliyo kubwa kuliko ya mwenzake. Aliyejiwa kwa upanga hujibu kwa upanga, na bunduki hunyamaza.

Baadaye, mwaka 1977, George Lucas alitoa Star Wars, picha iliyouleta upanga wa nuru. Lucas mwenyewe alivutiwa na sinema za Mjapani Akira Kurosawa, hasa The Hidden Fortress ya mwaka 1958, yenye mashujaa wa panga wa Japani ya kale. Upanga wenyewe ulitengenezwa kwa vitu vya kawaida kabisa. Fundi Roger Christian alichukua mpini wa taa ya kamera ya zamani, na mvumo wake ulibuniwa na Ben Burtt kutokana na mlio wa mashine ya kuonyeshea sinema na wa televisheni.

Sasa kwa nini watu waliupenda upanga ule kuliko mizinga yote ya picha ile? Kwa sababu risasi humaliza mambo kabla ya maneno. Upanga huwakutanisha mahasimu ana kwa ana, kila mmoja akamwona mwenziwe macho na jasho, wakasemezana. Katika picha ya pili, ya mwaka 1980, Darth Vader amwambia Luke kwamba yeye ndiye baba yake baada ya wao kupigana kwa panga na Luke kukatwa mkono. Habari nzito kama hiyo haiambiwi mtu aliye umbali wa maili kumi.

Lakini aliyelitafakari jambo hili kuliko wote, nionavyo mimi, ni Frank Herbert katika kitabu chake Dune cha mwaka 1965, ambacho kimetiwa katika sinema zaidi ya mara moja, hivi karibuni mwaka 2021 na 2024. Humo watu hujivika ngao isiyoonekana, ambayo huzuia kila kijacho kwa kasi. Risasi haipiti. Mwale wa leza ukiigusa ngao hutokea mlipuko unaoweza kuwaua aliyepiga na aliyepigwa. Kinachopita ni kisu kinachosukumwa polepole, kwa mkono uliojizuia. Kwa hivyo watu wa zama zile, pamoja na elimu yao yote, wamerudi kwenye jambia.

Msomaji Mwislamu atashangaa kuona Dune imejaa maneno anayoyafahamu: Mahdi, jihadi, na mengineyo. Hayakuja kwa bahati. Wachunguzi wameonyesha kwamba Herbert alichota mengi katika kitabu cha Lesley Blanch cha mwaka 1960 kinachoeleza vita vya Imamu Shamil, aliyewaongoza Waislamu wa milima ya Dagestan dhidi ya Warusi kwa miaka 25, hadi mwaka 1859.

Ndani ya Dune mna tukio ambalo ndilo kiini cha maneno yangu. Kijana Paul anamuua mtu kwa mara ya kwanza. Ni Jamis, mtu wa jangwani, nao wanapigana kwa visu. Paul anasitasita, anampa nafasi ya kusalimu amri, mwisho anamuua. Kwenye mazishi anamlilia, na watu wa jangwani wanastaajabu, kwa kuwa machozi ni maji, na maji kwao ni uhai. Katika kitabu kinachofuata, cha mwaka 1969, Paul amekuwa mfalme, na majeshi yake yameua watu bilioni 61. Hao anawataja kwa hesabu tu. Mmoja aliyemuua kwa mkono wake alimtoa machozi, na mabilioni waliouawa kwa amri yake wakawa tarakimu.

Wengi wetu tumesimuliwa kisa cha Sayyidna Ali, Radhiya Llahu anhu, nacho Jalaluddin Rumi amekitia katika Mathnawi yake. Ali alimwangusha adui vitani, akainua upanga. Yule adui akamtemea mate usoni. Ali akaushusha upanga akamwacha, maana alichelea kuua kwa ghadhabu ya nafsi yake na si kwa ajili ya Mwenyezi Mungu. Kisa hiki hakiwezi kusimuliwa kwa bunduki. Upanga ulioinuliwa waweza kurudishwa alani. Risasi ikishatoka haina wa kuirudisha.

Hata hivyo tusidanganyike na uzuri wa hadithi. Katika vita vya kweli, mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Tarehe 2 Septemba 1898, huko Omdurman, wafuasi wa Mahdi wa Sudan, chini ya Khalifa Abdullahi, waliyakabili majeshi ya Kitchener, wengi wao wakiwa na panga na mikuki. Bunduki za Maxim na mizinga ziliwamaliza wangali mbali. Waliouawa upande wao ni zaidi ya 10,000, na upande wa Kitchener hawakufika 50. Ushujaa wao haukupata nafasi ya kumfikia adui. Hadithi za nyotani huurudishia upanga heshima ambayo Maxim iliuvua, na pengine ndiyo sababu twazipenda.

Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Leo fimbo ya mbali yaua, na hata isiyekuwa nyoka humuua. Mwaka 2002 ndege ya Marekani isiyo na rubani ndani yake iliua watu Yemen, nchi ambayo baadhi ya koo zetu zina asili yake. Tangu hapo marubani wengi wa ndege za namna hiyo wameketi vitini katika jimbo la Nevada, wakitazama vioo, na zamu ikiisha huenda majumbani kwao kula na watoto wao. Nyumba iliyopigwa iko upande wa pili wa dunia, na kama waliokuwamo walikuwa arusini au matangani, kioo huenda kisimweleze.

Basi vijana waulizapo upanga wafanyani nyotani, jibu langu ni kwamba watunzi hawa wanaogopa zama ambazo mtu ataweza kuua bila ya kumtazama anayemuua, nao wamejaribu kumrudisha karibu, hatua mbili tatu, ambapo mkono bado waweza kusita. Ajabu ni kwamba Herbert ameziweka zama hizo mbali sana huko mbele, miaka elfu na elfu, na sisi tumo ndani yake.