Unataka kuongeza sola kwenye gari? Usianze na paneli

Tabora. Una paneli moja juu ya Canter, taa zinazima usiku wa manane. Wazo la kwanza ni kununua paneli ya pili. Si baya, ila bila hesabu unaweza kuunguza kontrola na betri isijae vilevile.

Kwa wanaotoka Kitete kwenda Sikonge au Urambo kufuata asali na tumbaku, gari ndilo nyumba. Umeme ukikata huko porini, simu imezima na huna wa kumpigia.

Anza na matumizi

Taa tatu za wati 5 zikiwaka saa tano zinakula wati-saa 75. Simu nne, kama 60. Friji ndogo ya volti 12, kama 400 kwa siku. Jumla 535.

Paneli ya wati 100 ikipata jua kali kwa muda wa saa tano, ukitoa upotevu, inakupa kama 350. Pengo ni 185. Paneli mbili zinakupa 700, zinatosha.

Kontrola

Paneli moja ya wati 100 inatoa karibu ampea 6. Mbili ni 12. Kontrola ya ampea 10 hapo imezidiwa. Chukua ya 20.

Kama ni ya kawaida, yaani PWM, unga paneli kwa sambamba: chanya kwa chanya, hasi kwa hasi, na volti zake zilingane. Ukiziunga kwa mfululizo volti zinakuwa mara mbili, na kontrola hiyo haifaidiki nazo. Inaweza hata kuharibika.

Betri

Betri ya asidi ya ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, lakini ukitaka idumu tumia nusu tu, yaani 600. Kwa mahitaji haya inatosha kwa siku moja, bila akiba kubwa ya siku ya mawingu. Ukiongeza nyingine, usichanganye kuukuu na mpya, maana kuukuu huivuta mpya chini. Na betri ya kuwashia gari iache na kazi yake, la sivyo asubuhi mtasukuma.

Waya na fyuzi

Waya mwembamba hupata moto na kupoteza umeme. Weka mnene, na fyuzi karibu na chanya ya betri. Bila fyuzi, waya ukichunika na kugusa bodi, gari linaweza kuungua. Unapofunga, kontrola ianze kuunganishwa na betri, paneli zifuate. Unapofungua, anza na paneli.

Acha nafasi ya upepo chini ya paneli, kwa sababu joto hupunguza nguvu yake.

Mwisho, miembe ya Tabora ina kivuli kitamu, lakini kikifunika hata kona ya paneli, chaji inashuka sana. Gari likae juani, wewe kaa kivulini.