Kaburini kwa Walibora

Nimeulizwa: Mwislamu wa Mombasa atafuta nini kaburini kwa Ken Walibora? Nilipomaliza shughuli zangu Kibabii, Bungoma, nilishika njia ya Kitale hadi Cherangani, alikozikwa Aprili 2020, wakati wa korona, waombolezaji wakiwa wachache.

Kuzuru makaburi kwetu si kumwomba maiti, ni kujikumbusha mauti. Mtume (S.A.W.) alizuru hata kaburi la mamake mzazi.

Lakini pia nilikwenda kulipa deni. Katika riwaya yake ya Siku Njema (1996), Walibora alimtoa Kongowea Mswahili Tanga akamfikisha Kitale. Sisi wa pwani bado twabishana nani Mswahili. Mtu wa bara alilibeba jina letu hadi kwao. Tusione taabu kumfuata alikolala.