Kihamba katika Barua: Lugha ya Familia za Tarakea Katikati ya Karne ya 20

Katika Tarakea, wilayani Rombo, barua ya kifamilia ilibeba swali la urithi. Mali kuu ya familia ya Kichagga ilikuwa kihamba, yaani eneo la migomba na kahawa lililozunguka nyumba na makaburi ya wazee. Kwa desturi, mtoto wa kwanza wa kiume alikatiwa sehemu yake, na kitindamimba alirithi nyumba ya wazazi. Ardhi ilipopungua, wa katikati mara nyingi alitafuta kazi mbali. Huyo ndiye aliyehitaji kuandika.

Shule ilimfundisha kuandika kwa Kiswahili, na pamoja nacho alipokea muundo wa barua uliotoka pwani, ambao Carl Büttner alichapisha mifano yake mwaka 1892: salamu, habari za uzima, kisha "baada ya salamu" ndipo neno lenyewe. Ndani ya adabu hiyo, kuuliza hali ya migomba, au malipo ya kahawa iliyouzwa kupitia KNCU, chama kilichoanzishwa mwaka 1933, kuliweza kuwa njia ya mwana kuuliza nafasi yake bila kumkosea baba heshima.

Hata hivyo, neno moja halikupata kisawe. "Shamba" hulimwa popote. "Kihamba" humtaja mtu na wazee wake, na mpaka wake hulindwa na isale. Hivyo neno la Kichagga likabaki ndani ya Kiswahili. Msomaji wa barua hizo aanzie hapo.